Uzi: Unataka kuwa NP Marekani? Soma kwanza mkataba wa daktari msimamizi, ndipo uchague jimbo

Chausiku_TX (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Inbox yangu imejaa ujumbe wa wauguzi wenzetu walioko huku Marekani wanaotaka kutoka RN (muuguzi aliyesajiliwa) waende NP. Maswali ni yale yale: chuo gani, ada kiasi gani, mshahara ukoje. Swali litakaloamua maisha yako ya kazi kuliko jina la chuo sijaulizwa bado, nalo ni hili: utafanya kazi jimbo gani, na sheria ya jimbo hilo inasema nini kuhusu daktari atakayekuwa juu yako?

Kwa wageni wa mada: NP (nurse practitioner) ni muuguzi aliyesoma hadi uzamili au zaidi. Anapima, anatambua ugonjwa, anaandika dawa. Yumo kwenye kundi linaloitwa APRN, pamoja na wakunga wa ngazi hiyo, wauguzi wa dawa za usingizi na wauguzi bingwa wa wodini. Kazi hii ilianza 1965 Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya kwanza, kwa sababu watoto wa vijijini walikuwa hawaoni daktari. Muuguzi na daktari, bega kwa bega. Ugomvi umekuja baadaye.

Leseni inatolewa na jimbo, si serikali kuu. Kwa hiyo mtu yule yule, mwenye cheti kile kile na aliyefaulu mtihani ule ule wa taifa, akiwa Las Cruces kule New Mexico anafungua kliniki kwa jina lake na hana wa kumuuliza. Akiwasha gari na kwenda El Paso, mwendo usiofika saa moja, ameingia Texas na haruhusiwi kuandika hata dawa ya presha mpaka awe na mkataba na daktari. Hajapungua akili njiani. Amevuka mpaka tu.

Majimbo yako mafungu matatu. Fungu la kwanza, ambalo sasa ni zaidi ya nusu ya majimbo yote, NP yuko chini ya bodi ya wauguzi peke yake. Baadhi wanakuachia tangu siku ya leseni, baadhi wanataka kwanza utimize saa kadhaa ukiwa na mwenzako mzoefu. Fungu la pili unafanya kazi kwa uhuru lakini kipengele kimoja au viwili, mara nyingi dawa, vinahitaji mkataba na daktari. Fungu la tatu ndilo letu: Texas, Georgia, Tennessee, Missouri, North Carolina, South Carolina na wengine. Hapa mamlaka ni ya daktari, wewe unakaimishwa.

Naongelea Texas kwa sababu ndiko ninakoishi. Sheria iliyotengeneza utaratibu wa sasa ni ya 2013, inajulikana kama SB 406. Ilikuwa nafuu kuliko iliyokuwepo, tusidanganyane. Kabla yake daktari alitakiwa kuja mwenyewe kukaa kwenye kliniki kwa vipindi vilivyopangwa. Sasa kuna mkataba wa maandishi. Ndani yake kuna aina za dawa unazoruhusiwa na usizoruhusiwa, utaratibu wa kumpigia na kumpelekea wagonjwa, nini kitafanyika ikitokea dharura, daktari mbadala ni nani, mafaili mangapi yatakaguliwa, na kikao cha kila mwezi. Mnausaini upya angalau mara moja kwa mwaka. Daktari mmoja anaweza kuwa na NP na wasaidizi wa madaktari hadi saba kwa hesabu ya ajira za muda wote, ila hospitalini na maeneo yenye uhaba wa huduma kikomo hicho hakipo. Dawa zinazodhibitiwa za kundi la pili, kama oxycodone na Adderall, NP wa kliniki ya nje haandiki kabisa. Ni hospitalini kwa mgonjwa wa dharura au aliyelazwa, au kwa mgonjwa wa hospisi, yaani anayetunzwa akiwa mwishoni mwa maisha. Kundi la tatu hadi la tano, mwisho siku 90. Na kila cheti cha dawa ninachoandika lazima kiwe na jina, anuani na simu ya daktari. Mgonjwa anafika duka la dawa anaambiwa "dawa yako kutoka kwa Dokta Fulani", anarudi kuniuliza huyo ni nani, hajawahi kumwona.

Sasa kikao chenyewe cha mwezi. Miaka yangu ya mwanzo nilisimamiwa na daktari mmoja muungwana sana, siwezi kumsema vibaya kwa tabia. Anapiga simu ya video akiwa kwenye gari. "Una kesi yoyote ngumu?" Nikiwa nayo tunaijadili, nami nilijifunza mengi kwake. Nikiwa sina, anafungua mfumo, anaingia faili la kwanza, anabonyeza "nimepitia", la pili, "nimepitia", mpaka idadi ya kwenye mkataba itimie. Nafuatilia saa za mfumo: faili la mgonjwa wa kisukari mwenye dawa tisa limepitiwa kwa sekunde ambazo hazitoshi hata kusoma majina ya hizo dawa. Mwisho wa mwezi natuma malipo. Sheria haisemi alipwe kiasi gani, hivyo ni mapatano. Nimesikia kuanzia dola mia kadhaa kwa mwezi hadi zaidi ya elfu mbili, na wenye kliniki za magonjwa ya akili ndio wanaokamuliwa.

Hayo yote nilivumilia. Kilichonifungua macho ni siku alipouza kliniki yake kwa kampuni kubwa, na kampuni ikamkataza kusimamia mtu wa nje. Akaniandikia barua pepe, ya adabu tena, kwamba mkataba wetu unakoma. Mkataba ulisema upande wowote unaweza kuuvunja kwa taarifa ya maandishi, ila ilikuwa ya muda gani? Haukusema. Daktari mbadala naye jina lake lilikuwa ndani ya mkataba ule ule, ulipokufa naye akafa nao. Leseni yangu ilikuwa hai, vyumba nimelipia kodi, wagonjwa wamekaa kwenye viti, na siwezi kuandika insulini.

Kwa hiyo wanaouliza "NP Texas inalipa?" jibu ni ndiyo, inalipa. Lakini mlango wa ofisi yako una funguo mbili, na moja iko mfukoni mwa mtu mwingine. Karibuni tujadili.

---

Sumu_ya_Panya

Dada Chausiku, hii ni ile ile ya mfamasia anayekodisha cheti Kariakoo. Cheti kimetundikwa ukutani kwenye fremu nzuri, mwenyewe yuko Mbezi anamwagilia bustani, mwisho wa mwezi anapokea chake. Kumbe na wazungu wanayo! Nimefarijika.

---

Kiberenge_Moro

Mimi ni tabibu, niko kituo cha afya huku bonde la Kilombero. Nimesoma mara mbili sijaelewa. Huku kwetu tabibu mwenye diploma anaona wagonjwa wa nje kutwa nzima, anaandika dawa, na madaktari wasaidizi wamefanya upasuaji wa kutoa mtoto kwa miaka mingi pale ambapo daktari bingwa yuko mkoani. Sasa Marekani, nchi yenye kila kitu, mtu mwenye uzamili anazuiwa kuandika dawa ya presha? Au mna matatizo mengine hamsemi?

---

Chausiku_TX

Kiberenge_Moro, nimekuelewa na swali ni zuri. Tofauti ni hii. Wewe kada yako ina mipaka yake iliyoandikwa na baraza lako. Serikali ilikuweka hapo kwa kuwa inajua daktari hayupo. Hukuazima mamlaka ya mtu. Daktari wa wilaya akihamishwa kesho, wewe unaendelea kutibu. Mimi hapa, nikiwa na uzamili, mamlaka yangu yameshikizwa kwa jina la mtu binafsi. Akihama, akifa, akinyang'anywa leseni, nami nimekwama. Hilo ndilo linalouma, kuliko hata hiyo pesa.

---

Dkt_Mwanjelwa

Nipo mwaka wa tatu wa residensi (mafunzo ya ubobezi ya daktari) ya tiba ya ndani, Ohio. Nimesoma uzi kwa heshima, dada Chausiku, na hilo la faili kupitiwa kwa sekunde ni aibu kwa taaluma yangu. Lakini naomba tusiuvishe upande mmoja kanzu ya unyonge.

Mtaala wa NP umekuwa ukidai angalau saa 500 za kliniki. Miongozo mipya ya 2022 imepandisha hadi 750. Vyama vya madaktari hutaja saa 12,000 hadi 16,000 kwa daktari anayemaliza ubobezi. Toa chumvi unayotaka kwenye hizo hesabu, pengo bado liko pale pale. Na vyuo vya mtandaoni vimeongezeka, vingine vinapokea mtu ambaye hajawahi kushika zamu ya wodini, halafu vinamwambia atafute mwenyewe wa kumfundisha kliniki. Mtu huyo akimaliza, kuna majimbo yanamruhusu kufungua mlango siku hiyo hiyo.

Kuna utafiti wa David Chan na Yiqun Chen wa 2022 uliotumia hospitali za wanajeshi wastaafu, za VA, ambako NP wanaruhusiwa kufanya kazi bila daktari. Waliangalia idara za dharura. Wagonjwa walioonwa na NP walikaa muda mrefu zaidi kwa asilimia 11, na kulazwa kunakoweza kuzuilika ndani ya siku 30 kulipanda kwa asilimia 20. NP waliagiza vipimo na ushauri wa mabingwa zaidi. Mtu asiyejiamini anaagiza CT.

Sisemi NP hawafai. Zamu yangu ya usiku bila NP wa ICU ningekuwa nimeshakimbia nchi. Nasema usimamizi una sababu.

---

Chausiku_TX

Dkt_Mwanjelwa, karibu sana, na asante kwa kuja na hoja bila matusi, humu ni nadra.

Utafiti huo naujua. Ni idara ya dharura, sehemu ngumu kuliko zote, na hata waandishi walionyesha kwamba tofauti kati ya NP na NP, na kati ya daktari na daktari, ni kubwa kuliko tofauti ya makundi yenyewe. Upande wa kliniki za kawaida kuna ule wa Mundinger na wenzake, kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2000, wagonjwa 1,316 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya NP na madaktari, NP wakiwa na mamlaka sawa na madaktari. Matokeo yalikuwa karibu sawa. Utasema ni wa zamani na ufuatiliaji ulikuwa mfupi, sawa, nakubali. Kila upande una karatasi yake mfukoni.

Swali langu kwako si kama anayeanza kazi anahitaji mzoefu pembeni. Anahitaji. Mimi nilihitaji. Swali ni hili: mkataba wa Texas unampa huyo mzoefu? Sheria inamtaka daktari wangu awe na leseni hai. Haimtaki awe anafanya kazi ya aina ninayofanya mimi kila siku, haimtaki akae nami chumba kimoja, na haiishi: mwaka wa kwanza na wa ishirini ni mkataba ule ule. Kama lengo ni usalama, mbona kijana aliyemaliza juzi na mama wa miaka ishirini kazini wanapewa dozi moja?

---

BintiTanga_MN

Naomba niingie hapo hapo kwa dada Chausiku maana mimi niko Minnesota na huku tumeshatoka huko.

Kabla ya 2015 tulikuwa na mikataba ya dawa kama nyie. Sheria ikapita 2014, ikaanza kazi Januari 2015. Mpya kutoka chuoni lazima afanye saa 2,080 kwenye hospitali au kliniki ambako NP na madaktari wako pamoja. Piga hesabu, saa 40 mara wiki 52, ni mwaka mmoja kamili wa kazi. Ukimaliza, basi. Hakuna kusaini upya wala bahasha ya mwezi.

Na ule mwaka haukuwa wa kubonyeza bonyeza. Nilikuwa kliniki yenye wagonjwa wengi Wasomali na Wakenya, daktari mmoja mama wa makamo ana meza yake mita chache kutoka kwangu. Nikiwa na mgonjwa ana kikohozi kisichoisha na amepungua uzito, sisubiri kikao cha mwisho wa mwezi, nanyanyuka namwita, anakuja anamsikiliza kifua, tunajadili mbele ya mgonjwa mwenyewe. Ushirikiano ni huo. Mpaka leo namwita, sheria hainilazimishi, na yeye akikwama na kidonda cha mgonjwa wa sukari ananiita mimi.

Dkt, unachokitaka wewe sisi tunacho, na hatuna mkataba wa maisha.

---

Mwakio254

Dada Chausiku asante kwa hii kitu, ni kama umeniandikia mimi. Niko Atlanta, RN miaka kadhaa, niko semesta ya pili ya FNP (NP wa familia) mtandaoni (Daktari usinirushie mawe, mimi wodini nimekaa sana).

Huku Georgia ni balaa kivyake. Hii ndiyo ilikuwa jimbo ya mwisho Marekani kuwaruhusu APRN kuandika dawa, 2006. Na makubaliano yako na daktari hayakai kwenye droo, yanapelekwa kwa bodi ya madaktari wayapitie. Yaani bodi ya wauguzi ndiyo ina leseni yako, lakini karatasi ya kukuwezesha kufanya kazi iko kwa bodi ya watu wengine.

Nyumbani Kenya, kliniko ofisa wako na baraza lao na sheria yao ya 2017, na anaweza kupewa leseni ya kufungua kliniki yake. Binamu yangu ako na yake Voi. Nikimweleza haya ananicheka.

Swali: nikipata NP hapa, si mimi RN yangu ni ile ya kompakti, ya majimbo mengi? Si nitaweza kufanya telehelthi, matibabu ya kwa video, kwa wagonjwa wa majimbo mengine yenye uhuru, nikiwa nimekaa Atlanta?

---

BintiTanga_MN

Mwakio254 hapana, usije ukaingia huo mtego. Kompakti unayoijua ni ya RN. Ya APRN ni nyingine, imeandikwa upya 2020, inahitaji majimbo saba yaikubali ndipo ianze, na waliojitokeza ni wachache. Hata baadhi ya vyama vya NP wenyewe haviitaki kwa sababu inadai saa 2,080 za kazi kabla ya kuomba. Kwa sasa leseni ya NP ni jimbo kwa jimbo, na kinachohesabika ni mgonjwa amekaa wapi wakati mnaongea, si wewe umekaa wapi. Mgonjwa akiwa Arizona, unahitaji leseni au kibali cha Arizona.

---

Mzee_wa_Houston

Vijana, mmeongea usalama na elimu. Mimi si mtu wa hospitali, nina biashara ya huduma za wagonjwa majumbani, nimeajiri NP wawili na nimelipa hao madaktari. Naomba niongee pesa kidogo maana ndiyo inayoendesha hii ngoma.

Medicare, bima ya serikali kuu ya wazee, inamlipa NP asilimia 85 ya anacholipwa daktari kwa kazi ile ile. Imekuwa hivyo tangu sheria ya bajeti ya 1997. Lakini kuna kipengele kinachoruhusu kliniki kudai asilimia 100 kwa jina la daktari hata kama aliyemwona mgonjwa ni NP, mradi daktari ndiye aliyeanzisha matibabu na anapatikana kusimamia wakati huo. Sasa mwenye kliniki akupende vipi uwe huru? Uhuru wako unamkata asilimia 15.

Ya pili: hata bila sheria ya jimbo, bima nyingi na hospitali zina masharti yao. Nimeona NP wamehamia jimbo huru wakifikiri wameokoka, hospitali ikawaambia sawa, jimbo limekuruhusu, sisi kanuni zetu za ndani zinataka daktari. Kwa hiyo msifikiri mkifika New Mexico ni peponi.

Ya tatu, wanaopinga si wauguzi peke yao. Tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara iliandika 2014 kwamba masharti haya ya usimamizi yanaweza kuminya ushindani bila faida ya wazi kwa mgonjwa. Hao si watu wa nesi wala wa daktari, kazi yao ni kuangalia nani anambana nani sokoni.

Na corona ilipoingia 2020, magavana kadhaa, New York ikiwemo, walisimamisha masharti ya usimamizi kwa agizo moja tu. Mimi nilijiuliza: kama ni hatari kiasi hicho, mbona wakati wa hatari kubwa ndipo waliyaondoa?

---

Dkt_Mwanjelwa

Mzee, hoja ya corona naikataa. Wakati wa vita hata mpishi anapewa bunduki, haimaanishi ni askari.

Ila BintiTanga umenigusa. Nikisema ukweli wangu, saa 2,080 mahali penye madaktari ni bora kuliko miaka thelathini ya simu za kwenye gari. Ningependa ziwe nyingi zaidi. Florida waliweka 3,000, na uhuru wenyewe ukaishia tiba ya msingi tu: familia, watoto, tiba ya ndani. California walidai saa 4,600 au miaka mitatu, na anayetaka kujitegemea kabisa anaongeza mitatu mingine. Mimi ningeanguka hapo katikati.

Tena kuna jambo madaktari hatulisemi hadharani. Anayesaini mkataba wa NP saba asiowaona naye amejiweka kitanzini. NP akikosea, wakili wa mgonjwa anaanza na jina lililo kwenye cheti cha dawa. Wenzangu wawili watatu tayari wametumiwa matangazo ya kampuni za kuunganisha madaktari na NP, "pata kipato cha ziada bila kuona mgonjwa". Mkopo wa chuo unakukaba, unasaini. Sijui kama wanasoma wanachosaini.

---

Sumu_ya_Panya

"Kipato cha ziada bila kuona mgonjwa." Nimeamua, mwanangu wa kwanza anasoma udaktari.

---

Chausiku_TX

Hahaha Sumu.

Sasa kwa wale ambao tayari mko majimbo kama haya na hamhami leo wala kesho, kwa sababu mna nyumba, watoto wako shule, mume ana kazi. Haya ndiyo ninayoyaangalia sasa kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kubwa kuliko yote ni namna ya kuachana. Nataka siku zisizopungua 90 za taarifa, kwa pande zote mbili, na iandikwe kwamba katika kipindi hicho daktari anaendelea kusimamia kama kawaida. Nataka pia daktari wa pili mwenye mkataba wake mwenyewe uliosainiwa, si jina tu kwenye mstari wa "mbadala". Ndiyo, ni gharama mara mbili. Nimeshalipa gharama ya kukosa.

Daktari awe anafanya kazi ya aina yako. Mtu wa upasuaji wa mifupa kukusimamia kwenye kliniki ya presha na sukari ni halali Texas ukitengeneza karatasi vizuri, lakini siku ya kesi utamweleza nini wakili? Muulize kama amewahi kupewa adhabu na bodi. Texas sheria inataka mwambizane hilo kabla ya kusaini, na mkichunguzwa baadaye mjulishane mara moja. Usikubali malipo ya asilimia ya mapato ya kliniki, lipa kiasi kinachojulikana kwa kazi inayojulikana. Na mafaili: andikeni idadi ambayo kweli itasomwa. Kuna majimbo sheria inapanga yenyewe, Tennessee ni asilimia 20 kila siku 30, Missouri asilimia 10 kila wiki mbili. Texas wametuachia wenyewe, kwa hiyo ukiandika asilimia 20 kwa ushujaa halafu zikasomwa tano, aliyevunja mkataba ni wewe na yeye.

Kama hutaki kabisa habari ya mikataba na huwezi kuhama, angalia hospitali za VA. Kanuni ya serikali kuu ya Desemba 2016 inawaruhusu NP wake kufanya kazi kwa uhuru hata wakiwa ndani ya Texas. Wauguzi wa dawa za usingizi waliachwa nje ya kanuni hiyo, poleni.

Kuhusu mabadiliko, miswada inapelekwa bungeni Austin, makao makuu ya Texas, mara kwa mara na inakufa mara kwa mara. Bunge la Texas linakaa mwaka mmoja na kuruka mwaka mmoja, siku 140 tu. Muswada ukikwama kwenye kamati mwezi wa tano, mnaonana baada ya miaka miwili.

---

Kiberenge_Moro

Nimeelewa sasa. Dada, na wale wagonjwa wa insulini ilikuwaje?

---

Chausiku_TX

Kiberenge, wewe ndiye umeuliza. Niliwapigia mmoja mmoja. Wenye bima nzuri walipata nafasi kwingine haraka. Wasio na bima nikawaelekeza kituo cha afya cha jamii, foleni ni wiki kadhaa, na kwa baadhi duka la dawa liliwapa ya dharura ya siku chache. Mama mmoja wa Kihonduras aliishia idara ya dharura na sukari juu. Alipona. Bili yake ya usiku ule ilizidi nilichokuwa namlipa daktari kwa mwaka mzima.

---

Mwakio254

Wakuu, nisaidieni. Kuna daktari hapa ameniambia nikimaliza atanichukua, na amenitumia rasimu mapema. Iko na kurasa nne. Malipo sioni shida. Lakini kuna kifungu kinasema mkataba ukivunjika, kwa sababu yoyote ile, sitafanya kazi ya NP ndani ya maili 30 kwa miaka miwili. Hii ni kawaida?

---

Dkt_Mwanjelwa

Mwakio254, "kwa sababu yoyote ile" maana yake hata akikuvunjia yeye. Maili 30 kutoka katikati ya Atlanta ni karibu Atlanta yote. Usisaini hivyo. Mwambie aondoe kifungu, au abakize pale tu ambapo wewe ndiye umeondoka na umechukua wagonjwa wake. Na umpelekee mwanasheria wa ajira wa Georgia, si mimi wala humu jukwaani.

Akikataa kukiondoa, umeshajua ni msimamizi wa namna gani kabla hujaanza. Nitumie PM, kuna mwalimu wangu wa zamani yuko Decatur anatafuta NP, na huyo mafaili anasoma kweli. Atakuchosha kwa maswali.

---

Mwakio254

PM imetumwa, Daktari.